I. A. Richards na Fumbo la Ufahamu

Sisi ambao kazi yetu ni kukaa nyuma ya madarasa wakati wa mazoezi ya kufundisha tumeuona mchezo huu mara nyingi hata hatuuhesabu tena. Mwalimu mwanafunzi anasoma kifungu, watoto wanakisoma baada yake, kisha maswali yanaanza. Mikono inainuka, majibu yanatoka barabara, alama za vema zinajaa katika madaftari, na kengele inapolia kila mmoja anatoka akiwa ameridhika. Siku moja, ili kuupima mchezo huo, tuliandika ubaoni sentensi isiyo na maana yoyote: Vizandu viwili vilibunduka juu ya ngoliko. Tukauliza vizandu vilikuwa vingapi, vilifanya nini, na vilibunduka juu ya nini. Darasa zima lilijibu sawasawa. Hakuna hata mtoto mmoja aliyeuliza kizandu ni kitu gani.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya mtu ambaye mchezo huo ulimkosesha usingizi kwa miaka hamsini na zaidi. Mtu huyo ni Ivor Armstrong Richards, Mwingereza, ambaye ulimwengu wa fasihi unamjua kama mhakiki, lakini ambaye alitumia sehemu kubwa ya utu uzima wake akitafuta njia ya kumwezesha kijana wa Kichina wa shule ya sekondari kuusoma ukurasa wa Kiingereza na kuuelewa. Msomaji anaweza kuuliza mambo ya China yanamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi. Tunamwomba avumilie kidogo, kwani safari ya Richards kwenda China haikuanzia China. Ilianzia katika darasa la Waingereza watupu, waliokuwa wakisoma lugha ya mama zao.

Richards alizaliwa tarehe 26 Februari 1893 katika mji mdogo wa Sandbach, jimbo la Cheshire. Baba yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka tisa. Alisomeshwa katika shule ya Clifton, mjini Bristol, na tangu ujanani alisumbuliwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao siku hizo haukuwa na dawa ila mapumziko na hewa safi. Hewa safi aliitafuta milimani, na mlima ukawa mapenzi yake ya maisha. Huko milimani Wales ndiko alikokutana na Dorothy Pilley, mpandaji hodari, ambaye alikuja kumwoa katika siku ya mwisho ya mwaka 1926 mjini Honolulu. Mwaka 1928 mume na mke hao, pamoja na waongozaji wawili wa Kiswisi, walikuwa watu wa kwanza kuupanda mlima Dent Blanche kwa ukingo wake wa kaskazini, jambo ambalo wapandaji wengi kabla yao walilishindwa. Tunalitaja kwa sababu watu waliomfahamu Richards kwa vitabu tu humdhania kuwa alikuwa mtu wa kiti na meza.

Katika Chuo Kikuu cha Cambridge alianza na historia, akaichoka, akahamia falsafa, na kufaulu katika daraja la kwanza mwaka 1915. Baada ya hapo hakuwa na kazi. Alifikia hatua ya kwenda kwa mhadhiri mmoja, Mansfield Forbes, kumwomba barua za kumtambulisha ili akawe mwongozaji wa wapanda milima katika kisiwa cha Skye. Mazungumzo yaligeuka, na Richards alitoka mle chumbani akiwa amepewa kazi ya kutoa mihadhara ya fasihi ya Kiingereza, somo ambalo Cambridge ilikuwa ndiyo kwanza inalianzisha. Mshahara haukuwapo: kila mwanafunzi aliyehudhuria alimlipa shilingi 15 kwa muhula. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kuchosha watu, maana wasikilizaji wakipungua na chakula kinapungua. Yamkini sharti hilo gumu lilimfundisha mbinu nyingi kuliko chuo chochote cha ualimu.

Jambo lililomfanya ajulikane lilikuwa rahisi sana, na mwalimu yeyote angeweza kulifanya. Katika miaka ya 1920 alianza kuwagawia wanafunzi wake mashairi yaliyopigwa chapa bila majina ya watunzi wala tarehe. Aliwapa wiki nzima, akawaambia wayasome mara nyingi kadiri wapendavyo, kisha kila mmoja aandike maoni yake bila kujitambulisha. Karatasi zilirudi. Richards hakuzisahihisha. Alizisoma zote, akazipanga, akaja darasani kutoa mhadhara juu ya yale waliyoyaandika. Mwaka 1929 alitoa kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Practical Criticism, chenye mashairi kumi na matatu na maoni chungu nzima ya wasomaji wake.

Matokeo yalikuwa aibu. Hawa walikuwa vijana walioteuliwa kutoka shule bora za Uingereza, tena wakisoma lugha waliyonyonya pamoja na maziwa, na bado wengi hawakuweza kueleza shairi lilisema nini. Shairi la John Donne, mmoja wa watunzi wakubwa wa lugha hiyo, lilipata wapinzani wengi kuliko wapenzi, na mengine hafifu yalisifiwa. Wengine walishika neno moja lililowakumbusha jambo la nyumbani kwao, wakaandika juu ya jambo hilo na kulisahau shairi. Wengine walikuwa na hukumu tayari mfukoni kabla ya kusoma: kifo ni cha huzuni, mama ni wa kupendwa, basi shairi litakuwa linasema hivyo. Richards aliorodhesha matatizo kumi ya wasomaji, na la kwanza katika orodha lilikuwa hilo la kushindwa kupata maana ya kawaida ya maneno yaliyo mbele ya macho.

Kutokana na uchunguzi huo alieleza kwamba usemi hubeba maana za aina nne kwa wakati mmoja: jambo lenyewe linalosemwa, hisia za msemaji juu ya jambo hilo, namna anavyomchukulia yule anayemwambia, na kusudi lake la kusema. Tujaribu kwa mfano wa kwetu. Mtoto anaingia darasani saa nne, na mwalimu anamwambia: Leo umewahi kweli kweli. Anayeshika jambo lenyewe tu atadhani mtoto amesifiwa. Kila mtoto wa darasa la pili anaelewa kwamba hakusifiwa, kwa sababu anamwona mwalimu, anaisikia sauti yake, na anaiona saa. Sasa iandike sentensi hiyo hiyo katika kitabu, uiondoe sauti, umwondoe mwalimu, uiondoe saa, tena uiandike kwa lugha ya kigeni, kisha umpe mtoto aliye maili elfu nyingi kutoka kwa mwandishi. Hilo ndilo zoezi la ufahamu. Nasi tunashangaa kwamba watoto wanalikosa.

Mwaka ule ule wa 1929 Richards alikwenda kufundisha kwa mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, katika mji wa Beijing, ambao siku hizo uliitwa Beiping. Alikuwa ameuona mji huo kwa muda mfupi mwaka 1927 na ukampendeza. Wanafunzi wa Tsinghua walikuwa vijana wateule. Walikuwa wamejifunza Kiingereza miaka mingi katika shule za sekondari kwa kukariri vifungu kwa sauti, kuchambua sarufi na kufasiri neno kwa neno. Walikuwa na heshima, bidii na kumbukumbu ya ajabu. Hata hivyo Richards hakukawia kuhisi kwamba kulikuwa na pazia kati yao na kurasa walizozisoma.

Kisa kimoja alikisimulia mwenyewe hata uzeeni. Darasa lilikuwa likisoma riwaya ya Thomas Hardy, Tess of the d'Urbervilles, habari za msichana maskini anayeonewa na watu na mambo hadi mwisho ananyongwa. Msomaji wa Kiingereza hufika kwenye ile bendera nyeusi inayopandishwa kuashiria kwamba hukumu imekwisha tekelezwa, na moyo wake hujaa simanzi. Richards aliisoma sehemu hiyo kwa sauti, na darasa zima likapiga makofi. Alistaajabu. Akafanya kama alivyozoea Cambridge: akawaomba waandike sababu. Ikadhihirika kwamba mwanzoni mwa kitabu Tess alikuwa hakuonyesha adabu ya kutosha kwa baba yake. Vijana wale waliliona kosa hilo katika kurasa za kwanza kabisa, wakasubiri kitabu kizima adhabu ije, na ilipokuja wakampongeza mwandishi kwa kutimiza haki.

Tunawasihi walimu wanafunzi wasicheke upesi. Wanafunzi wale hawakukosa hata neno moja. Kamusi isingewasaidia, wala sarufi. Wangejibu maswali yote ya nani, wapi na lini. Tena mtu aliyelelewa katika nyumba ambayo baba huheshimiwa, naye ni kila mmoja wetu, hawezi kusema kwamba usomaji wao haukuwa na msingi. Walikileta kipimo chao katika kitabu, kama vile wanafunzi wa Cambridge walivyoleta vya kwao, ila tu kipimo cha Wachina kilikuwa mbali zaidi na cha mwandishi, na kwa hiyo kosa lilionekana kwa macho. Richards, na hili ndilo la kumsifu, hakusema kwamba Wachina hawana akili. Alisema moyoni kwamba huenda na yeye anayasoma maandishi ya Kichina kwa makofi ya namna hiyo hiyo.

Akaamua kujipima. Alikaa na wanazuoni wa Kichina wa Chuo Kikuu cha Yenching, wakachukua maandishi ya Mencius, mwanafalsafa wa kale, na kuyapitia neno kwa neno. Richards hakujua Kichina cha kutosha kuyasoma peke yake, upungufu ambao tutaurudia. Kwa kila neno walijiuliza linaweza kuwa na maana zipi, badala ya kukimbilia neno moja la Kiingereza na kuliweka mahali pake. Kazi hiyo ilizaa kitabu cha Mencius on the Mind mwaka 1932. Katika kazi hiyo alijionea jinsi mfasiri anavyoweza kuzipachika fikra zake mwenyewe katika maneno ya mwenziwe bila kujua, na akiwa na hakika kabisa kwamba amefasiri.

Tangu hapo hakuridhika tena na kufundisha mashairi tu. Aliona kwamba mataifa yanayosomana vibaya yana hatari, na kwamba hatari hiyo inaanzia katika darasa la kwanza la lugha, si katika chuo kikuu. Kama mtoto amefundishwa kwa miaka sita kutamka asichokielewa, amefundishwa pia kutojali kwamba haelewi, na tabia hiyo ya pili ni ngumu kuondoa kuliko ujinga wenyewe.

Chombo alichokichagua kilikuwa Kiingereza cha Basic, kilichobuniwa na rafiki yake wa siku nyingi, C. K. Ogden. Wawili hao walikuwa wameandika pamoja kitabu juu ya maana, The Meaning of Meaning, kilichotoka mwaka 1923, na mpango wake waliuzungumza wakiwa wamesimama ngazini usiku wa tarehe 11 Novemba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokoma. Walipokuwa wakitafuta maana za maneno, walitambua kwamba maneno machache yanaweza kueleza takriban mengine yote. Mwaka 1930 Ogden alitoa orodha ya maneno 850: majina 600, sifa 150, na maneno 100 ya kuyaunganisha. Vitenzi vilikuwa 18 tu. Badala ya neno la kuingia, mtu anasema anakwenda ndani. Badala ya neno la kurudisha, anasema anatoa nyuma. Orodha nzima ilienea katika upande mmoja wa karatasi.

Richards aliamini kwamba hapo ndipo penye ufunguo wa shule za sekondari za China. Kijana ambaye angeweza kuwa na kitu kamili mkononi, hata kama ni kidogo, alikuwa akipewa vipande vya lugha kubwa asiyoweza kuimaliza. Akiwa na maneno 850 anayoyajua kweli kweli, angeweza kujielezea kila neno jipya kwa maneno aliyonayo, kwa Kiingereza, pasipo kurudi kwenye neno moja la Kichina na kuridhika. Kueleza upya kwa maneno machache ndiko kulikuwa zoezi lake kuu la ufahamu. Asiyeelewa hawezi kueleza upya. Jaribu kukieleza upya kizandu.

Mwaka 1936 alirudi China pamoja na mkewe, kwa msaada wa fedha za mfuko wa Rockefeller wa Marekani, akasimamia taasisi ya kuendeleza kazi hiyo mjini Beiping. Hakuwa peke yake. Alikuwapo Robert Winter, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Tsinghua, na walikuwapo vijana wa Kichina kama Wu Fuheng, aliyekuja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Shandong. Pamoja walitunga vitabu vya kuanzia, walifundisha walimu, na waliandaa masomo ambayo kila sentensi mpya ilisimama juu ya sentensi iliyotangulia, na picha au kitendo kilionyesha maana kabla neno halijatamkwa. Haifai kudhani kwamba Wachina walikuwa wamekaa wakimngoja. Lin Yutang alikuwa tayari ametunga vitabu vya Kiingereza vya Kaiming kwa ajili ya shule za sekondari, vilivyoanza kutoka mwaka 1928 na kupendwa sana, navyo havikufuata maneno 850 ya mtu yeyote.

Hapa tunapenda kusema waziwazi yale tunayoyaona kuwa udhaifu wa mpango huo, maana kuna hatari ya mwalimu mchanga kuiona orodha fupi na kudhani ameokoka. Neno fupi si neno rahisi. Tuchukue kitenzi chetu cha kupiga. Mgeni akijifunza kwamba kupiga ni kuchapa, ataelewa nini akisikia mtu amepiga pasi, amepiga magoti, amepiga chafya, amepiga hodi, au serikali imepiga jambo marufuku? Vitenzi 18 vya Basic ni vya namna hiyo hiyo. Mchina aliyelijua neno la kuweka, na la juu, na la pamoja na, kila moja peke yake, hana njia ya kukisia kwamba Mwingereza akiyafuatanisha hayo matatu anakusudia kuvumilia. Ogden aliokoa idadi ya maneno kwa kuongeza mzigo wa maana. Pia, kijana aliyemaliza Basic alifungua gazeti au riwaya na kukuta maelfu ya maneno yasiyo katika orodha. Richards alijua hayo na alipanga hatua za kuvuka, lakini wapinzani wake walikuwa na haki ya kuuliza ngazi inaishia wapi.

Liko na la tatu, ambalo si la mbinu. Fedha zilitoka Marekani, orodha ilitoka Cambridge, na mkuu wa mpango hakuweza kuwasoma wenyeji wake kwa lugha yao bila mkalimani. Mwenye mashaka angeweza kuuona mpango wote kuwa ni milki ya Waingereza iliyovaa joho la mwalimu. Mwaka 1943 Winston Churchill aliusifu Basic hadharani katika Chuo Kikuu cha Harvard, na sifa hiyo ilifanya madhara kuliko matusi, kwani waliokuwa wakishuku walipata ushahidi. Sisi tuliofundishwa kwa vitabu vilivyotungwa mbali tunaelewa shaka hiyo. Hata hivyo hatuoni katika maandishi ya Richards mtu anayetaka Wachina wawe Waingereza. Tunaona mtu aliyetishwa na makofi yale.

Katika kiangazi cha 1937 kazi ilielekea kuzaa matunda. Kamati iliyohusika na Kiingereza cha shule za sekondari ilikuwa imeuafiki mpango, na majaribio mapana yalikuwa yakingojewa. Tarehe 7 Julai risasi zililia katika daraja la Lugou, karibu na Beiping. Mwisho wa mwezi huo Wajapani walikuwa wameuteka mji. Shule zilifungwa, walimu walitawanyika, na kamati zikawa karatasi tu.

Vyuo vikuu vitatu, viwili vya Beiping na kimoja cha Tianjin, vilihamia kusini hadi Changsha. Kitivo cha fasihi kiliwekwa katika mlima wa Nanyue, na huko mwanafunzi wa zamani wa Richards, mshairi William Empson, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika China, alifundisha mashairi ya Kiingereza kwa kuyatoa kichwani, kwa kuwa vitabu havikuwapo. Mwaka 1938 vyuo hivyo vilihama tena hadi Kunming, na kundi moja la wanafunzi na walimu lilikwenda kwa miguu mwendo wa siku 68, zaidi ya kilomita 1,600. Richards na mkewe nao walipita kusini, wakaiona Yunnan, na kazi iliendelea kwa kiasi fulani mikononi mwa Wachina wenyewe. Lakini lile tumaini la kuifikia kila shule ya nchi lilikuwa limekufa. Mwalimu anayelalamika kwamba ukaguzi umeharibu andalio lake la somo na ayasome maisha haya.

Mwaka 1939 Richards alihamia Harvard. Mwaka 1942 alitoa How to Read a Page, kitabu kinachofundisha kusoma ukurasa mmoja kwa makini, huku kikimwongoza msomaji katika maneno makuu kama mia moja ambayo kila mtu hudhani anayajua. Mwaka 1945, yeye na Christine Gibson walitoa kitabu cha kwanza cha kufundisha Kiingereza kwa picha, kilichojulikana baadaye kama English Through Pictures. Watu wake ni vijiti tu, kichwa duara na mikono mistari. Katika picha ya kwanza mtu ananyoosha mkono kuelekea kofia iliyo mezani. Katika ya pili ameishika. Katika ya tatu iko kichwani. Wakati ujao, uliopo na uliopita vimo katika picha hizo, bila neno hata moja la sarufi. Mwalimu asiye na vifaa anaweza kulifanya jambo hilo kesho asubuhi kwa chaki na kofia yake mwenyewe, na tumewaona baadhi yenu mkilifanya vizuri kuliko kitabu.

Mwaka 1950 alikwenda tena Beijing, kisha mlango ukafungwa. Katika miaka hiyo shule za China ziligeukia Kirusi. Kiingereza kilirudi, kikaporomoka tena tangu 1966, na baada ya mtihani wa kuingia vyuo vikuu kufufuliwa mwaka 1977 kilipanda ngazi polepole, hadi mwaka 1983 kilipohesabiwa alama zake zote sawa na masomo mengine makuu. Leo, katika mtindo mpya wa mtihani huo, alama 50 kati ya 150 za Kiingereza ni za kusoma na kufahamu. Zoezi moja linatupendeza: kifungu kimeondolewa sentensi tano, na mtahiniwa anapewa sentensi saba achague zinazofaa kila pengo. Mbinu ya vizandu haisaidii hapo, kwa maana hakuna neno la kunakili. Lazima mtu aone wazo linatoka wapi na linakwenda wapi. Maswali mengine ya kuchagua jibu hatuna hakika nayo sana. Popote penye majibu manne, hapakosi mwalimu wa kufundisha namna ya kubahatisha.

Richards alistaafu Harvard mwaka 1963, na mwaka 1974 alirudi Cambridge. Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 86, alialikwa China. Rafiki zake walimshauri asiende, kwa kuwa safari ni ndefu na mwili umechoka. Alikwenda. Alipita katika miji kadhaa akitoa mihadhara kwa walimu wa Kiingereza, ambao wengi wao walikuwa wametoka tu katika miaka ya kutoruhusiwa kufundisha. Njiani aliugua sana, akarudishwa Uingereza, na akafariki mjini Cambridge tarehe 7 Septemba mwaka huo. Robert Winter hakuondoka. Alibaki China kupitia vita, mapinduzi na miaka migumu iliyofuata, na alifariki Beijing mwaka 1987.